Lenzi ya 50 Pekee Mjini Moshi: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kibo Alfajiri hadi Ukumbini Usiku

Jumamosi ya mpiga picha wa Moshi huanza kabla jua halijachomoza na kuisha saa sita za usiku zikiwa zimeshapita. Alfajiri unauwahi mlima Kilimanjaro kabla haujajifunika. Asubuhi kuna kipaimara Kibosho, mchana mama mmoja anataka picha za asali yake aziweke WhatsApp, na jioni ukumbi unakusubiri kwa sendofu. Siku kama hiyo nabeba lenzi mbili, lakini moja hukaa kwenye begi karibu muda wote. Inayofanya kazi ni ile ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, yaani yenye tundu kubwa la kupitisha mwanga. Ya Canon ninayotumia ina gramu 160 hivi, sawa na mayai matatu ya kuku wa kisasa.

Vijana wengi wanaoniuliza habari zake wanaijua kama lenzi ya kupigia sura tu. Wanainunua, wanaifungua mpaka mwisho, nyuma ya mtu kunakuwa ukungu mzuri, basi. Wiki mbili baadaye wananiambia wameichoka. Mwongozo huu nimewaandikia wao, na yeyote mwenye kamera ya kawaida ambaye mfuko wake haujaruhusu lenzi za mamilioni.

Kwanza niondoe wasiwasi mmoja. Urahisi wa bei yake hauna maana kwamba vioo vyake ni vibovu. Muundo wa lenzi nyingi za 50 unatokana na Planar, lenzi iliyobuniwa na Paul Rudolph wa Zeiss, Ujerumani, mwaka 1896. Kwenye kamera za kioo cha ndani (DSLR), umbali kutoka kwenye kifungio cha lenzi hadi kwenye sensa, kile kipande kinachonasa picha, ni milimita 44 kwa Canon. Lenzi ya milimita 50 inautosha umbali huo bila kuhitaji vioo vya ziada vya kuusukuma mwanga nyuma, kama zinavyohitaji lenzi pana. Ndiyo maana inatosheka na vioo sita tu, na ndiyo maana bei yake iko chini. Toleo la STM la Canon (STM ni jina la mota yake ya fokasi) lilipotoka mwaka 2015 lilitangazwa Marekani kwa dola 125 hivi.

Hatua ya 1: Nunua inayoendana na bodi yako (kamera yenyewe), na uijaribu kabla hujalipa

Wenye Canon za kioo cha ndani watakutana na mbili sokoni. Ya zamani ni toleo la II la mwaka 1990. Ni nyepesi zaidi, gramu 130, lakini kifungio chake ni cha plastiki, fokasi yake inapiga kelele, na haisogelei kitu zaidi ya sentimita 45. STM ya 2015 ina kifungio cha chuma, iko kimya, na inasogea hadi sentimita 35. Zikiwa zinakaribiana bei, chukua STM bila kufikiri mara mbili. Hizo sentimita 10 zitakulipa tukifika kwenye picha za bidhaa.

Wenye Nikon wawe makini zaidi. Toleo la D halina mota ndani; linategemea mota ya kamera, na kamera za familia ya D3000 na D5000 hazina mota hiyo. Ukiifunga humo utafokasi kwa mkono maisha yako yote. Kwa kamera hizo tafuta toleo la G la mwaka 2011. Mwenye Canon ya familia ya R anaweza kununua RF 50 ya mwaka 2020, au kutumia EF ya zamani, ile ya kamera za kioo cha ndani, kwa adapta.

Ukinunua iliyotumika, fanya haya ukiwa hapohapo dukani. Fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu, mulika kutokea nyuma huku ukitazama kwa mbele. Vumbi vichache havina neno. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, irudishe. Kisha ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, siyo ya muuzaji. Piga kitu cha karibu, piga cha mbali, rudi cha karibu. Fokasi ikisita au ikinguruma kama inasaga mahindi, iache. Mwisho piga ukuta kwa f/1.8, halafu kwa f/8 na f/16 kwa muda mrefu kidogo. Zote zikitoka na mwanga unaolingana, bleti za ndani, zile zinazofunga tundu la mwanga, zinafunga sawasawa.

Hatua ya 2: Ijue namba ya f kwa macho

Namba ya f inapatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa lenzi (ile milimita 50) kwa upana wa tundu lake. Kwa hiyo 50 ikiwa f/1.8 tundu lina milimita 28 hivi, karibu upana wa kizibo cha soda. Ile lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera yako, ukiivuta hadi karibu milimita 50, inakomea f/5.6, yaani milimita 9 hivi, urefu wa punje ya kahawa. Weka kizibo na punje ya kahawa kwenye kiganja uvitazame. Ukilinganisha eneo, tundu la kwanza linapitisha mwanga karibu mara 10 ya la pili. Pale ambapo lenzi ya 18-55 inahitaji sekunde 1/15 na picha inatikisika, ya 50 inatosheka na 1/125.

Sasa gharama yake. Tundu likiwa kubwa, sehemu iliyo kwenye fokasi inakuwa nyembamba. Kwenye kamera ya sensa ndogo (APS-C, iliyo kwenye kamera nyingi za bei nafuu), ukiwa mita 1.5 kutoka kwa mtu, f/1.8 inakupa unene wa sentimita 6 hivi. Jicho likikaa sawa, sikio limekwenda. Kwa f/2.8 unapata kama sentimita 10, na kwa f/4 kama 14.

Weka kamera kwenye Av kama ni Canon, au A kama ni Nikon, uchague f mwenyewe na kamera ichague kasi. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijiongeze, ila iambie isiruhusu kasi kushuka chini ya 1/125. Zipo kamera zisizo na mpangilio huo. Hapo ongeza ISO kwa mkono kila ukiona kasi inashuka. Kwangu mimi, f iliyonilipia kodi ya nyumba miaka yote hii ni f/4. Namba 1.8 naitunza kwa giza.

Hatua ya 3: Jifunze masafa matatu

Lenzi hii haina zuumu, kwa hiyo miguu yako ndiyo itakayosogea, na miguu inafundishika. Mimi nilijifunza kwa kupima kwa futi kamba uani kwa shemeji yangu kule mtaa wa Pasua, na mpaka leo najua nisimame wapi kabla sijainua kamera. Kwa sensa ndogo, kamera ikiwa wima:

Mita 1.5 inakupa kichwa mpaka kifuani. Mita 3, kichwa mpaka karibu na magoti. Mita 5, mtu mzima na viatu vyake, na nafasi kidogo juu na chini.

Kamera ikilala, mita 5 inachukua upana wa mita 2.2, yaani watu wanne waliosimama bega kwa bega. Ukoo wa watu kumi kwenye mstari mmoja unakutaka urudi nyuma mita 11 au 12. Uwanja wa kanisa unakupa nafasi hiyo, sebule haikupi. Hapa nasema wazi: kwa picha ya familia sebuleni, toa ile 18-55 begini. Sijawahi kuona sababu ya kuiuza.

Fanya zoezi hili siku saba. Toka nyumbani na lenzi ya 50 pekee, chagua mtu au kitu kimoja, ukipige kwa masafa yote matatu. Siku ya nne au ya tano utajikuta unasimama mahali sahihi bila kuwaza.

Hatua ya 4: Mtu mmoja, kisha kundi

Moshi iko karibu na ikweta, na jua la saa sita mchana linakuja juu ya utosi. Macho yanazama kwenye vivuli, pua inatupa kivuli mdomoni. Usipigane nalo. Mpeleke mtu kwenye kibaraza, mlangoni, au chini ya migomba pale ambapo kivuli kinaishia, umgeuze uso utazame kule kwenye mwanga. Ukimwingiza ndani sana migombani, majani yatampaka ukijani usoni; mweke ukingoni.

Fokasi iweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Chagua nukta moja ya fokasi, maana ukiiachia kamera ichague itakamata pua au ua la kwenye nywele. Halafu tazama uso kwenye skrini. Kamera hupima mwanga wa fremu nzima, na nyuma kukiwa na anga jeupe, ngozi yetu nyeusi inatoka imezama gizani. Bonyeza kitufe cha +/- uongeze theluthi mbili za stopu au stopu nzima (stopu moja ni mwanga mara mbili). Kipaimara kina kinyume chake: gauni jeupe kwenye jua huungua na lesi haionekani tena. Hapo punguza theluthi moja, na umweke mtoto kivulini kabla hujafikiria kitu kingine. Mama yake alikaa usiku kucha kwa ajili ya lesi ile.

Kundi ndilo lililonifunza kwa uchungu. Harusi moja ya Uru, mwaka wangu wa pili kazini, niliwapanga wazee nyuma na maharusi mbele, nikapiga yote kwa f/1.8 kwa sababu nilipenda jinsi migomba ilivyoyeyuka kule nyuma. Nyumbani nikakuta maharusi wako wazi na wazee wote wana ukungu. Baba wa bwana harusi alifariki mwaka uliofuata, na picha ile ndiyo ya mwisho waliyopiga pamoja. Tangu siku hiyo, safu mbili za watu naziweka f/5.6 kutoka mita 5, ambapo unene wa fokasi unafika mita 2 hivi, na nafokasi safu ya mbele. Safu tatu, f/8. Migomba itaonekana, na iache ionekane.

Hatua ya 5: Sokoni

Nenda Mbuyuni au Kiboriloni asubuhi. Lenzi ndefu nyeusi inawafanya watu wakuone kama mwandishi wa habari au mtu wa manispaa. Hii ndogo haimshtui mtu, lakini isikudanganye ukaacha adabu. Salimia kwanza. "Shikamoo mama, ndizi zako zimependeza, naomba nikupige picha na mkungu wako." Akikataa, mshukuru na usonge mbele, hakuna picha ya kuiba yenye thamani ya uso wa mtu aliyekukatalia. Akikubali, mwonyeshe kwenye skrini, na umtumie. Mimi karibu kila wiki kuna mtu sokoni ananiuliza picha yake iko wapi, na naipenda hali hiyo.

Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni maturubai. Meza nyingi zina turubai la bluu juu, na jua likipita humo linampaka muuzaji bluu usoni, mikononi, hata kwenye nyanya. Ukisahihisha rangi kwa kompyuta, uso unarudi lakini nyanya zinaharibika. Dawa ni kumwomba asogee hatua moja mbele, pale ambapo mwanga wa njiani unamfikia usoni huku turubai likibaki nyuma yake. Chini ya turubai la rangi ya chungwa hali ni nafuu kwa ngozi, lakini mchicha unakuwa kama umekauka. Jifunze maturubai ya soko lako jinsi mvuvi anavyojifunza upepo.

Kwa soko lenyewe, watu wakitembea, weka f/5.6 na kasi isipungue 1/250. Kwa mikono inayohesabu hela, inayopima maharage kwa kopo, inayomenya, sogea mita moja na ufungue mpaka f/2.8. Picha zangu nzuri za Mbuyuni ni za mikono.

Hatua ya 6: Bidhaa, na vitu vidogo

Akina mama wanaouza asali, unga wa lishe, vitenge na kahawa ya kukaanga nyumbani wanahitaji picha kuliko mtu yeyote mjini hapa, na studio yao inaweza kuwa dirisha. Sogeza meza karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja. Mwanga utoke ubavuni mwa bidhaa. Upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ya manila. Itarudisha mwanga na kulainisha kivuli. Zima taa ya ndani, maana rangi yake itagombana na ya dirishani. Weka f/5.6, na kasi ikishuka sana weka kamera juu ya rundo la vitabu na utumie taima ya sekunde mbili.

Asali ina siri yake. Ukiimulika kwa mbele ni chupa ya kitu cheusi. Weka chupa kati yako na dirisha, mwanga upite ndani yake, na iwake kama taa. Ongeza mwanga stopu nzima moja kwa kitufe cha +/-. Mteja wangu mmoja alipoona picha ya namna hiyo alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, hii ndiyo asali yangu." Kitenge kinataka kamera iliyonyooka sambamba nacho, ama sivyo maua yake yanapinda, na hapa 50 inaishinda simu kabisa kwa sababu haipindishi mistari ya pembeni.

STM ikisogea hadi mwisho wake, sentimita 35, fremu nzima ni upana wa sentimita 10 na nusu. Kikombe cha kahawa kinajaa. Ukitaka kwenda ndani zaidi, kwenye ua la mbuni (mti wa kahawa) au kwenye tone la umande, una njia mbili za bei ndogo.

Ya kwanza ni tyubu ya kurefusha, pete tupu isiyo na kioo inayokaa kati ya lenzi na kamera. Ukiweka ya milimita 25, kitu kinatokea kwenye sensa kwa nusu ya ukubwa wake halisi au zaidi. Nunua yenye miguso ya umeme ili kamera iendelee kuizungumzisha lenzi.

Ya pili ni kuigeuza lenzi, kioo cha mbele kikatazama sensa. Unaweza kuishika kwa mkono, au ununue ringi ya kugeuzia inayolingana na uzi wa lenzi yako: milimita 49 kwa STM, 52 kwa Canon II, 58 kwa Nikon G. Kitu kitakaribia kupigwa kwa ukubwa wake halisi kwenye sensa. Tatizo la Canon ni kwamba tundu linaendeshwa kwa umeme, na likikatwa umeme linabaki lilivyo. Basi kabla ya kuigeuza, weka f/8, bonyeza na uendelee kushikilia kitufe cha kuonea kina cha fokasi (depth of field preview), kama kamera yako inacho, kisha uitoe lenzi kamera ikiwa bado imewashwa. Itabaki imefunga f/8. Fokasi hapo ni ya mwili: yumba mbele na nyuma kidogo mpaka kitu kiwe wazi, ubonyeze. Fanya hivyo ndani ya nyumba au asubuhi isiyo na upepo. Kigongo cha nyuma cha lenzi kiko wazi, na vumbi letu halina huruma.

Hatua ya 7: Kibo

Wageni wanadhani mlima unapigwa kwa lenzi pana. Ukiupiga kwa simu, Kibo, kile kilele chake cha theluji, inakuwa kichuguu cheupe kwenye ukingo wa picha, na mtu aliyeko Dar haamini kwamba ndio huo uliokutoa machozi. Lenzi ya 50 kwenye sensa ndogo inauona mlima kwa ukubwa wa karibu mara tatu ya lenzi ya kawaida ya simu. Kutoka mjini, kilomita 30 hivi hadi kileleni, mita zile 5,895 zinasimama zenyewe mbele yako.

Amka mapema. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua linatoka kulia kwako ukiwa umeutazama mlima, linaumulika ubavuni, na mabonde ya barafu yanaonekana. Saa tatu mara nyingi mawingu yameshaupanda. Jioni hufunguka tena siku nyingine, ila usiiwekee ahadi ya mteja. Weka f/8, ISO 100, fokasi kwenye ukingo wa theluji, na upunguze mwanga theluthi moja ili weupe usiungue.

Tafuta kitu cha mbele. Kusini mwa mji, mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC yanakupa kijani kirefu chini ya mlima. Mjini, bomba la maji juu ya paa, nguo kwenye kamba na waya za umeme ni vitu vyetu, mimi siviondoi.

Ukitaka Kibo na Mawenzi, kilele cha pili, pamoja na kila kitu katikati yake, shika kamera wima, weka mpangilio wote kwa mkono ili mwanga usibadilike, ukapige picha tano au sita kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikirudia theluthi ya iliyotangulia. Programu ya Hugin, ambayo ni ya bure, itaziunganisha. Unapata picha kubwa ya kuchapa ukutani kwa lenzi ya bei ya chini kabisa dukani.

Hatua ya 8: Ukumbini

Usiku ndipo f/1.8 inapokula mshahara wake. Kumbi zetu zina taa za rangi zinazozunguka, MC anayehama kila sekunde, na mwanga mweupe mahali pamoja tu, pale mbele. Anza na f/2, 1/125, ISO 1600, uipandishe hadi 3200 ikibidi. Chembechembe za ISO hazijawahi kumkera bibi harusi; picha iliyotikisika inamkera. Wakianza kucheza, kasi iende 1/250.

Ndafu ikiingia, jipange mapema. Yule mbuzi mzima wa kuchoma atabebwa katikati ya watu wenye simu zilizoinuliwa, na una nusu dakika. Simama mita 3 mbele ya meza, f/2.8, ufokasi kwenye kisu na mkono unaokata, siyo kwenye mbuzi. Tumia nukta ya fokasi ya katikati. Zile za pembeni kwenye kamera nyingi za bei nafuu hukosa shabaha gizani.

Ukiona mistari ya giza imekatiza picha, ni taa. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shusha kasi mpaka 1/100 na mistari itatoweka au itapungua sana. Kwa video sababu ni hiyohiyo: fremu 25 kwa sekunde, kasi 1/50, na fokasi kwa mkono.

Hatua ya 9: Vumbi na masika

Badilisha lenzi ukiwa umeinamisha bodi chini, ndani ya chumba au gari lililosimama, kamwe siyo kwenye daladala dirisha likiwa wazi. Puliza kwanza kwa pampu ya mpira, kisha futa kwa kitambaa laini cha lenzi. Ncha ya kanga ina mchanga usiouona. Wakati wa masika weka vifuko vya silika geli begini, na usiifungie lenzi kabatini mwezi mzima; fangasi anapenda giza lenye unyevu. Na STM ina tabia yake: bomba la ndani hujitokeza mbele unapofokasi karibu, na kwenye baadhi ya kamera halirudi ukizima. Fokasi kitu cha mbali kwanza, lirudi ndani, ndipo uzime. Likigongwa likiwa nje, mota ndiyo inayoumia.

Hatua ya 10: Sanduku la bibi

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na sijawahi kumtoza mtu hela. Nyumba nyingi za kihambani, kwenye mashamba ya ukoo, zina sanduku au bahasha ya picha za zamani zinazoliwa na unyevu na mende. Skana hakuna, na kuzipeleka mjini bibi hataki, na ana haki. Lenzi ya 50 inazinakili vizuri kwa sababu haipindi mistari na inasogea karibu.

Anza kwa kukaa. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, leo umekuja na mashine." Mwombe azitoe mwenyewe, moja moja. Weka meza karibu na dirisha, tandaza kitambaa cheusi, laza picha juu yake. Kamera iitazame kutoka juu, sambamba kabisa na meza. Picha ya sentimita 9 kwa 13 itajaa fremu ukiwa kama sentimita 40 hivi. Weka f/8, ISO 100, taima ya sekunde mbili, kamera juu ya kigoda au stendi. Picha iking'aa, igeuze robo mzunguko mpaka mng'ao uondoke. Ikiwa nyuma ya kioo cha fremu, tundika kitenge cheusi nyuma yako ili kioo kikose cha kuakisi. Iliyogandana kwenye albamu usiibandue. Piga ukurasa mzima ulivyo.

Wakati unapiga, simu yako iwe inarekodi sauti yake. Bibi yangu alipoinua moja aliniambia, "Huyu ni babu yako, mbele ya ghala la kahawa la KNCU. Hiyo koti aliiazima." Mimi nilikuwa nimeshaweka picha ile mara mbili mezani nikiona mwanamume na ghala tu.

Halafu kila ukimaliza upande wa mbele, igeuze picha uupige na mgongo wake. Ndipo walipoandika majina.